Majani Yaliyokatwa Masikio

Mkija nyumbani kwangu mkaona naangalia mikono yenu kabla ya nyuso, msikasirike. Si kiburi cha uzee. Ni kazi iliyobaki mwilini baada ya mwajiri kuchukua meza yake. Tangu nistaafu, nyie vijana wa maabara mnapita hapa Musoma kunijulia hali, na kila mara mnauliza niliwezaje kukaa miaka yote ile nikitazama ukungu wa majani. Nimechoka kujibu nusu nusu, kwa hiyo naandika. Vyeo sitavieleza, maana aliyepanda cheo anajua mwenyewe alivyopanda. Mishahara ya wakati ule nayo ukiitaja leo watu wanacheka.

Siku ya kwanza nilitoka nyumbani Nyegina nimevaa viatu vya kaka yangu, vikubwa, vimejazwa magazeti mbele. Uhuru ulikuwa bado mbichi, kila mtu anatembea kifua mbele, na mimi nilikuwa na cheti changu cha kilimo nimekikunja mfukoni. Nikapelekwa kwa msaidizi mkuu wa maabara, Bwana Wambura, mzee mrefu asiyecheka, mtu aliyefungia hata sukari ya chai kwenye kabati kwa kufuli. Hakuniuliza jina. Alinipa jani la kunde lenye unga mweupe juu yake akasema, "Eleza ugonjwa."

Basi nikaeleza! Nilitaja kila nilichofundishwa chuoni, na kingine nikaongeza. Bwana Wambura alinisikiliza mpaka mwisho, akalichukua lile jani, akapuliza. Unga wote ukaja kwenye shati langu.

"Muhogo," alisema. "Umetoka jikoni kwa mke wangu. Umeuchunguza kwa mdomo tu, macho hayajafanya kazi."

Halafu akanipa jani jingine. Nilipopuliza, vumbi la juu likaruka, lakini weupe ukabaki. Akanipa lenzi ya mkono, na hapo ndipo nikaona nyuzi nyembamba zimetambaa juu ya jani na kulishika. Ule ulikuwa ukungu wenyewe. "Sasa anza kushuku," akaniambia. "Shuku jani. Shuku aliyelileta. Halafu jishuku wewe. Ukianza na wewe ni vizuri zaidi, unaokoa muda." Nilidhani ni maneno ya mzee aliyeibiwa sukari. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa amenipa kazi yote mkononi siku ile ile.

Kitu kilichonivuta kwenye ukungu huu, ambao nyie mnauita ubwiri unga, ni jinsi unavyodeka. Ukungu mwingine utaukuza kwenye chakula cha maabara ndani ya sahani ya kioo, utakula na kushukuru. Huu haukubali. Unataka jani lililo hai, na si jani lolote. Wa kunde unataka kunde, wa maboga unataka maboga, wa mbaazi unataka mbaazi. Ukirudi nyuma sana walikuwa ukoo mmoja, babu yao mmoja, lakini kila mlango wa ukoo ukahamia kwenye mmea wake ukabadilika huko, mpaka leo hauwezi tena kula kwa mwenzake. Sisi watu wa Mara tunaelewa habari hiyo bila kufundishwa sana. Kila ukoo hapa una hadithi ya kutoka mahali na kugawanyika njiani.

Kwa kuwa hatukuwa na vifaa, Bwana Wambura alibuni kutumia chemni za taa, vile vioo virefu vinavyofunika utambi. Unapanda mche kwenye kopo la maziwa, unaufunika kwa chemni, unafunga juu kwa kitambaa chepesi ili hewa iingie na vumbi la ukungu lisiingie wala kutoka. Kila chemni na ukungu wa mahali pake. Nilipohamishiwa Bunda nilikwenda nazo, nikapanga kwa mkulima mmoja wa pamba aliyekuwa na ng'ombe wengi na maswali mengi zaidi. Siku ya kwanza aliniuliza zile taa zisizo na mafuta ni za nini. Nikamweleza kwa uaminifu kwamba ndani yake naukuza ugonjwa. Akanitazama mpaka nikajuta.

"Wenzako wanafugaga ng'ombe," alisema. "Wewe unafuga ugonjwa. Na ukitoroka?"

Kesho yake mbuzi wake wote walikuwa wamehamishiwa upande wa pili wa boma. Mwaka mzima niliokaa pale hakuna mtoto aliyeruhusiwa kupita mbele ya dirisha langu. Nilichukia wakati ule. Sasa naona yule mzee alikuwa na swali zuri kuliko mkaguzi yeyote aliyewahi kunitembelea.

Sasa nije kwenye shauri lenyewe, ambalo najua ndilo mnalolitaka. Kijiji kilikuwa upande wa Butiama, jina lake sitalitaja. Ilikuwa baada ya Operesheni Vijiji, watu wametolewa kwenye makazi yao ya zamani na kupangwa pamoja, na shamba la kijiji limelimwa pembeni, kubwa, la kunde. Mbegu nilipeleka mimi. Ilikuwa mbegu mpya, nzuri, inayoukataa ukungu. Misimu ya mwanzo ilikaa kijani tupu, mpaka wageni wanaletwa kuitazama. Halafu msimu mmoja shamba zima likawa jeupe kama limemwagiwa unga.

Katibu wa kijiji alikuwa Ndugu Masatu. Msimfikirie vibaya mapema. Alikuwa kijana mchapakazi, wa kwanza kufika shambani na wa mwisho kutoka, na jembe lake lilikuwa limelika kuliko ya wengi. Lakini wilayani walikuwa wanataka maelezo, na siku zile shamba la ujamaa likiharibika neno la kwanza kutamkwa lilikuwa hujuma. Masatu alikuwa ameshampata mhujumu kabla sijashuka kwenye gari.

Alikuwa mama mmoja mjane, Mama Nyabise, aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwisho kukubali kuhama. Alilea wajukuu. Alikuwa amepanda maboga kwenye ukingo wa shamba la kijiji, upande upepo unakotokea, na majani ya maboga yale yalikuwa meupe kweli kweli.

"Tulimwambia ayang'oe, akakataa," Masatu alinieleza huku tukitembea, mikono yake ikigeuza jani hili na lile. "Maboga yake yanakuwaga meupe kila mwaka. Anajua ni ugonjwa, anauweka pale makusudi uingie kwa wenzake. Hakuutaka ujamaa tangu mwanzo. Kikao kimeshakaa, Ndugu mtaalamu. Tunangoja neno lako tu, aondoke."

"Aende wapi?"

"Watampangia wilayani. Mbali."

Nilikwenda kumwona. Alikuwa anapepeta mtama, hakusimama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Nikamuuliza habari za maboga.

"Mwanangu," akasema, "mbegu umeleta wewe. Ugonjwa umekuja nyuma ya mbegu yako. Halafu mshukiwa ni mimi?"

Akaweka ungo chini. "Mimi nimeshahamishwa mara moja. Miti ya paa langu niliibeba kichwani kutoka kule mpaka hapa, na hawa watoto wananifuata nyuma wamebeba kuku. Ukisema neno lako, mwambie na Masatu aje kubeba safari hii."

Nisiwadanganye: nami nilimshuku. Maboga meupe upande wa upepo, kunde nyeupe chini yake, mwenye maboga ana hasira. Hata asiye na macho angeunganisha. Lakini Bwana Wambura, ingawa alikuwa ameshazikwa, alikuwa bado anapuliza muhogo kwenye shati langu. Nikasema ngoja nianze na mimi.

Nikarudi Musoma na majani ya kijiji. Nilikuwa na chumba cha kazi maeneo ya Iringo, kimejaa chemni. Nikachukua miche ya mbegu ile mpya, mingine nikaipaka ukungu wa kunde niliokuwa naufuga mwenyewe, mingine ukungu wa kunde uliotoka kijijini. Ule wangu haukushika hata jani moja. Wa kijijini ulishika vizuri, ukajaa. Nikapumua: haukutoroka kwangu. Na nikaogopa, kwa sababu maana yake ilikuwa kwamba huko nje ukungu umebadilika. Haukukaa ukafikiri, ukungu hauna akili. Ni kwamba vumbi lake ni jingi mno, na katika wingi huo huzaliwa mmoja mmoja aliye tofauti. Ukiwapa watu wa eneo zima mbegu ya aina moja, yule mmoja anayeiweza akitokea, amekuta meza imeandaliwa. Nikapaka pia vumbi la maboga kwenye kunde. Halikushika kabisa.

Nilirudi kijijini nimefurahi, nikamweleza Masatu kwamba maboga hayahusiki. Akanisikiliza kwa adabu.

"Maabara ni yako, Ndugu," akasema. "Ufunguo wako. Kabila moja na yule mama. Mimi nitawaambia nini watu?"

Kabila si moja, lakini hakunipa nafasi ya kusema. Tukakubaliana jaribio lifanyike pale pale, chumbani kwake ofisini, ufunguo akae nao yeye. Nikaleta miche misafi ya kunde kutoka Musoma, kila mmoja ndani ya chemni. Mbele yake nikanawa kwa spiriti, nikachukua vumbi la maboga ya Mama Nyabise, nikalipaka jani moja la kila mche na kulifunga uzi mwekundu. Miche mingine sikuipaka kitu, iwe ya kulinganishia. Nikafunika yote. Masatu akafunga mlango, akautikisa, akautikisa tena, akaweka ufunguo ndani ya soksi. Mtu wa kushuku namna ile ningempa kazi maabara bila kumhoji.

Nikaenda kuzunguka Suguti na vijiji vingine nikingoja siku zitimie. Niliporudi nikakuta maboga ya Mama Nyabise yameng'olewa yote. "Tahadhari tu," Masatu aliniambia. Mama mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya ghala la pamba, mahali ulipoitishwa mkutano, na wajukuu wake pembeni. Alikuwa ameshafunga vyombo. Niliviona mlangoni kwake nilipopita, vyungu vimefungwa kwa kamba, na roho iliniuma.

Meza ikatolewa nje, chemni zikapangwa, watu wakasogea. Nikafungua kitambaa cha kwanza. Mche mweupe. Wa pili mweupe. Nikafungua haraka haraka iliyobaki. Yote myeupe.

"Si mnaona!" mtu akapaza sauti. Minong'ono ikapanda. Mama Nyabise alikaza khanga yake kiunoni, kama anayejiandaa kubeba mzigo. Masatu hata hakufurahi, alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonichoma zaidi.

Nikajiambia, jishuku. Nilinawa? Nilinawa. Chemni zilikuwa safi? Zilikuwa safi. Nikatoa lenzi, nikainama juu ya mche mmoja mmoja, watu wakanicheka. Jani lenye uzi mwekundu lilikuwa kijani. La mche wa pili kijani. Kila jani nililolipaka vumbi la maboga lilikuwa kijani safi. Weupe ulikuwa kwenye jani jingine, na kila mara ulianzia mahali pamoja: pembeni, kwenye mkato mdogo uliochongoka. Nikaangalia miche ile ambayo sikuipaka kitu. Nayo ilikuwa na mkato, na weupe umeuzunguka mkato.

Mimi sikuwa nimekata jani lolote.

"Nani amekata majani haya?" nikauliza.

"Mimi," Masatu akajibu, tena kwa sauti ya mtu anayetaka asikike. "Jioni ile ulipoondoka nilifungua nikaikata miche yote sikio, jani moja lisilo na uzi kwa kila mche. Ng'ombe asiye na alama anabadilishwaga mnadani, sembuse mche wa kunde? Nikasema, huyu akitaka kutuchezea, akatuletea miche mingine, nitaitambua yangu. Na ndiyo hii hii, sikatai."

Baadhi ya wazee wakatikisa vichwa kukubali. Kwao lilikuwa jambo la busara. Mimi mwenyewe, mtoto wa mfugaji, niliona lina busara.

"Ulitumia kisu?"

"Kucha." Akaonyesha vidole.

"Na kabla ya kuja kuyakata ulikuwa wapi?"

"Shambani, wapi tena? Nakagua kunde za kijiji. Kila jani jeupe nililigeuza kwa mkono wangu huu nione lime..."

Hakumaliza. Aliutazama ule mkono ulioinuliwa mbele ya watu wote, akaushusha polepole.

Nikainua mche mmoja juu. Nikaeleza kwa maneno machache niliyoweza: hapa ndipo nilipopaka vumbi la maboga, hapakuota kitu. Hapa ndipo kucha iliyotoka kwenye kunde, hapa pameota. Maboga ya mama huyu hayajaiuma kunde hata moja. Halafu mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba mtoto akasema, "Hata kwangu alikuja kukagua. Alipapasa majani yote."

"Na kwangu."

"Kwangu alikujaga kila wiki, anatafuta mhujumu."

Nyuma kabisa mwanamume mmoja akasimama. "Basi tumempata! Si ndiye huyu anayesambaza?" Na hapo nikayaona yale macho yote, macho yale yale yaliyokuwa kwa Mama Nyabise muda mfupi uliopita, yanahama kwa pamoja na kumwendea yule kijana. Niliogopa kuliko nilivyoogopa miche ilipotoka myeupe. Masatu alikuwa ameficha mikono nyuma.

Nikapiga meza. Nikawaambia nilichokithibitisha ni cha pale mezani tu. Shamba ni kubwa, upepo unatosha kulijaza ukungu bila mkono wa mtu, na mbegu ya aina moja, ambayo niliileta mimi, iliurahisishia. Kama ni kushuku, nishukuni na mimi, na wanaochuma majani ya kunde kwa mboga, na upepo. Je, mikono ya Masatu ilichangia? Nilishuku hivyo. Mpaka leo nashuku hivyo. Lakini kushuku si kujua, na nimeona watu wakihamishwa kwa kushukiwa tu.

Wakaguna. Wengine hawakuridhika. Aliyewanyamazisha ni Mama Nyabise, na wala hakunitetea mimi wala Masatu. Alisimama akakung'uta khanga.

"Mmeshamaliza?" akasema. "Maboga yangu mmeyang'oa. Nani anayarudisha?"

Akamtazama Masatu. "Wewe. Mbegu ninazo. Utakuja kunilimia. Na ukija, unawe."

Ndivyo kikao kilivyoisha. Hakuhamishwa. Masatu alimlimia kweli, na baada ya hapo aliweka ndoo ya maji na kipande cha sabuni pale watu wanapoingilia shamba la kijiji. Wageni kutoka wilayani walipoona anatembea mikono nyuma, asiguse majani, wakadhani ni ukubwa. Mimi niliacha kugawa mbegu ya aina moja kwa eneo zima, nikawa nachanganya, na miaka iliyobaki niliitumia kukusanya ukungu wa kunde kutoka huku na kule na kuulinganisha, niuone unavyobadilika. Hayo mengi mnayo maabara. Chemni pia nimewaachia, zisafisheni.

Msimu uliofuata nilipita kijijini kutoka Suguti, nilikokuwa nimeshinda nakagua kunde za watu. Maboga ya Mama Nyabise yalikuwa yametambaa mpaka njiani, meupe kama kawaida yake, na kunde jirani yake kijani. Mwenyewe alikuwa mlangoni. Vile vyungu vilikuwa vimerudi mahali pake. Nilimwendea nimejaa furaha, nikamwamkia, nikanyoosha mkono.

Hakuupokea. Aliutazama.

"Umetoka wapi leo, mwanangu?"

"Suguti, mama. Kukagua kunde."

Akaingia ndani, akatoka na kata ya maji. "Nawa kwanza."

Nikanawa pale pale mlangoni, wajukuu wake wakinitazama. Akavigeuza vidole vyangu, akaangalia chini ya kila kucha, kisha akanipa mkono.